SHEIKH KALUTA AMRI ABEDI: MTU WA UJIJI ALIYEANDIKA SHERIA ZA MIZANI

Utangulizi

Mwanafunzi wa shule ya upili aliyezaliwa Busia au Malaba hukutana mapema na kazi moja anapoanza kusoma ushairi wa Kiswahili, nayo ni kuhesabu mizani. Hupewa ubeti, akaugawa kila mshororo katika ukwapi na utao, kisha akahesabu silabi za kila kipande hadi apate nane kwa nane. Kazi hiyo huirudia katika karatasi ya fasihi ya mtihani wa kidato cha nne. Nyumbani kwake lugha inayosemwa ni Kisamia, Kikhayo, Kimarachi au Kiteso. Kiswahili hakukinyonya pamoja na maziwa ya mama kama mtoto wa Lamu au wa Mombasa. Alikisikia sokoni, kwenye foleni za malori yanayongoja kuvuka kuingia Uganda, na darasani. Hata hivyo, akihesabu sawasawa, jibu lake huwa lile lile la mtoto wa Lamu.

Kanuni anayoifuata ilielezwa kitabuni mwaka 1954 na Sheikh Kaluta Amri Abedi. Amri naye hakuzaliwa pwani. Alikuwa mtu wa bara, tena wa mpakani, na kanuni za utungaji alizisoma kwa bidii kabla ya kuwaandikia wenzake. Makala haya yanasimulia maisha yake, na yanaeleza kwa nini kanuni ya kuhesabu silabi, ambayo baadaye ilishutumiwa kuwa pingu, ilikuwa kwa watu wa bara mlango wa kuingilia katika ushairi wa Kiswahili.

Ujiji na Tabora

Amri alizaliwa mwaka 1924 Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, ng'ambo yake ikiwa nchi ya Kongo. Katika karne ya 19 Ujiji ulikuwa kituo kikuu cha misafara iliyotoka Bagamoyo kwa njia ya Tabora, na ndiko Stanley alikomkuta Livingstone mwaka 1871. Misafara ile ilipita na pembe za ndovu na watumwa, lakini pia ilipita na lugha. Amri alipozaliwa, Kiswahili kilikuwa kimekwisha kusemwa Ujiji kwa vizazi kadhaa, na watu ambao babu zao walikuwa na lugha nyingine mbalimbali.

Kwa jambo hilo Ujiji unafanana na miji ya Busia na Malaba. Mwaka 1902 Waingereza walilihamisha eneo lililokuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda wakalitia katika himaya yao iliyokuja kuitwa Kenya. Katika upangaji huo wa mipaka, Wasamia na Wateso walijikuta wamegawanywa, ndugu huku na ndugu kule. Reli iliyopita Malaba ilifika Kampala mwaka 1931, na barabara kuu ikapita Busia. Wafanyabiashara, makarani, madereva na makuli wakakutana hapo, kila mmoja na lugha ya kwao, na Kiswahili kikawa lugha ya kuelewana. Miji ya namna hii hutoa wasemaji wengi wa Kiswahili. Lakini kwa muda mrefu haikutarajiwa itoe washairi, kwa kuwa ushairi ulidhaniwa kuwa mali ya waliozaliwa nao.

Kutoka Ujiji, Amri alikwenda kusoma Tabora, mji uliokuwa na shule ya serikali iliyowafunza vijana wengi waliokuja kuiongoza Tanganyika, Julius Nyerere akiwa mmoja wao. Ni Tabora pia ambako ujumbe wa Ahmadiyya, chini ya Sheikh Mubarak Ahmad kutoka Bara Hindi, ulikuwa ukifanya kazi kubwa. Kijana Amri aliingia katika jamaa hiyo, akasoma dini, na hatimaye akawa mmoja wa wahubiri wake Waafrika walioheshimika sana. Uamuzi huo ulikuwa na gharama. Waahmadiyya walikuwa wachache, na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki waliwapinga vikali. Hivyo Amri alijikuta mgeni mara mbili: mtu wa bara miongoni mwa mabingwa wa lugha wa pwani, na mfuasi wa kikundi kidogo miongoni mwa Waislamu wenzake.

Kazi ya tafsiri

Kazi kubwa ya kwanza ya lugha aliyoshiriki Amri ilikuwa tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili iliyosimamiwa na Sheikh Mubarak Ahmad. Tafsiri hiyo ilitolewa Nairobi mwaka 1953. Kabla yake ilikuwako ile ya kasisi Godfrey Dale ya mwaka 1923. Ya Waahmadiyya ilikuwa tafsiri kamili ya kwanza iliyotoka mikononi mwa watu waliojiita Waislamu, na kwa sababu hiyo hiyo iliamsha upinzani mkubwa. Masheikh wa Kisunni waliikataa, na Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy wa Zanzibar akafanya tafsiri yake, iliyotoka kamili mwaka 1969.

Yaliyo ya itikadi katika ubishi ule hayamo katika makala haya. Kwa upande wa lugha, kazi ya namna ile humlazimu mfasiri kupima kila neno kabla ya kuliandika: maana yake, uzito wake, na jinsi linavyosikika likisomwa kwa sauti. Amri aliingia katika kuandika sheria za ushairi akiwa ametoka katika kazi hiyo.

Sheria za mwaka 1954

Kufikia miaka ya 1950 ushairi wa Kiswahili ulikuwa na umri wa karne kadhaa. Utenzi wa Tambuka uliandikwa mwaka 1728, na Muyaka bin Haji wa Mombasa alikuwa amefariki zaidi ya miaka 100 kabla. Ustadi wa kutunga ulirithishwa kwa sikio. Kijana alikaa karibu na malenga, akasikiliza, akaghani, akakosolewa, hata sikio lake likazoea kipimo. Utaratibu huo ulimfaa aliyekaa Mvita au Pate. Haukumfaa karani wa Kigoma wala mwalimu wa shule ya misheni magharibi mwa Kenya, ambaye hakuwa na malenga jirani.

Wakati huo huo hamu ya kutunga ilikuwa imeenea. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, lilikuwa likichapisha mashairi ya wasomaji kutoka kila upande wa Tanganyika. Kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar ilikuwa imesanifisha maandishi kwa msingi wa Kiunguja. Watu wa bara walikuwa na tahajia moja na walikuwa na gazeti. Walichokosa ni kitabu cha kuwaambia ni kwa nini shairi hili limetimia na lile lina guni.

Kitabu hicho ndicho Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kilichotolewa mwaka 1954 na Eagle Press chini ya shirika la vitabu la Afrika Mashariki. Amri alikuwa na umri wa miaka 30. Katika sehemu ya kwanza alieleza vina, mizani, beti na mpangilio wa shairi. Katika sehemu ya pili aliweka mashairi yake mwenyewe, ili msomaji apime kama mtunga sheria anazitii sheria zake. Msingi wa fikra yake ulikuwa kwamba shairi ni wimbo. Utungo usioimbika, kwake, haukustahili kuitwa shairi. Na ili uimbike ni lazima vipande vyake vilingane. Mizani zilikuwa kipimo cha ulinganifu huo, na mizani moja ilikuwa silabi moja.

Silabi, viambishi na kipimo cha shairi

Kanuni hii yaonekana nyepesi, lakini humdai mtunzi aijue lugha kwa undani. Silabi nyingi za Kiswahili huishia kwa vokali, kwa hiyo Bu-si-a ni silabi tatu na Ma-la-ba ni silabi tatu, na maneno Busia hata Malaba hutimiza mizani nane bila taabu. Ugumu huanzia kwenye m na n. Neno mtu lina silabi mbili, m-tu, ingawa vokali inayosikika ni moja tu. Nchi vilevile ni n-chi. Mbuzi ni mbu-zi, silabi mbili, lakini mgeni ni m-ge-ni, silabi tatu. Neno mbuni ndilo gumu zaidi: likiwa ndege lina silabi mbili, mbu-ni, na likiwa mti wa kahawa lina silabi tatu, m-bu-ni. Mtunzi asiyejua tofauti hiyo atapungukiwa na mizani au atazidisha.

Hapa ndipo mwanafunzi wa Busia ana akiba asiyoijua. Kwa Kisamia, Kikhayo na Kimarachi, mtu ni omundu. Kiambishi mu kimehifadhi vokali yake, na silabi yake husikika wazi: o-mu-ndu. Kiswahili sanifu kiliidondosha u mbele ya konsonanti, lakini nafasi ya silabi haikufutika. Ilibaki kwa m peke yake. Ndiyo maana m ya mtu na ya mgeni huhesabiwa mizani nzima. Katika tungo za kale za pwani mu hiyo bado yaonekana. Basi mtoto wa Busia akishika lugha ya nyanya yake ataweza kueleza jambo ambalo wengine hulikariri tu.

Mwanafunzi wa Malaba au Amukura aliyelelewa kwa Kiteso hutoka mbali zaidi, kwa kuwa Kiteso si lugha ya Kibantu. Mteso mmoja huitwa Etesot, na Wateso huitwa Iteso. Umoja na wingi huonyeshwa mwanzoni na mwishoni mwa neno, na silabi ya mwisho ya Etesot imefungwa kwa konsonanti. Tena vokali za mwisho katika maneno mengi ya Kiteso hunong'onwa tu. Kwa mwanafunzi huyu, lugha ambayo karibu kila silabi yake huishia kwa vokali inayosikika ni jambo la kujifunza. Anachohitaji ni kanuni iliyoandikwa.

Viambishi tamati navyo vina kazi kubwa katika kipimo hiki. Kutokana na kitenzi tunga hupatikana nomino nyingi. Kiambishi -i huigeuza g kuwa z, tukapata mtunzi na utunzi, zenye silabi tatu kila moja. Kiambishi -ji hutupa mtungaji na utungaji, zenye silabi nne. Kiambishi -o hutupa utungo wenye silabi tatu, na wingi wake, tungo, wenye silabi mbili. Maana hukaribiana, lakini idadi ya silabi na kina cha mwisho hubadilika. Mshairi aliyepungukiwa na mizani moja huandika mtungaji badala ya mtunzi. Anayetafuta kina cha ni huongeza kiambishi cha mahali, na mpaka wenye mizani tatu ukawa mpakani wenye mizani nne. Kwa hiyo somo la unominishaji katika isimu na somo la vina katika fasihi hukutana mahali pamoja.

Jambo hili si la Kiswahili peke yake. Kiitaliano nacho ni lugha ambayo maneno yake mengi huishia kwa vokali, na washairi wake tangu enzi ya Dante Alighieri (1265–1321) wameipima mistari yao kwa silabi, mstari mashuhuri zaidi ukiwa wa silabi 11. Kiitaliano huonyesha udogo na ukubwa wa kitu kwa viambishi tamati kama -ino na -one, mahali ambapo Kiswahili hutumia viambishi awali ki- na ji-. Viambishi hivyo vya mwisho humpa mshairi wa Kiitaliano silabi za kuongeza na vina vya kuchagua, kama vile -ji, -o na -ni zinavyompa mshairi wa Kiswahili.

Umeya, uwaziri na kifo

Baada ya kitabu chake kutoka, Amri alikwenda Rabwah nchini Pakistani katikati ya miaka ya 1950 kuendelea na masomo ya dini. Aliporudi, Tanganyika ilikuwa katika harakati za kudai uhuru chini ya TANU. Amri aliingia katika siasa, na nchi ilipokaribia uhuru wa mwaka 1961 akawa Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Dar es Salaam. Baada ya uhuru aliingia serikalini, na mwaka 1963 akawa Waziri wa Sheria. Mtu aliyeandika sheria za mashairi akakabidhiwa sheria za nchi.

Mwaka 1964 alikuwa katika wizara iliyoshughulikia maendeleo ya jamii na utamaduni wa taifa. Kwa mpenzi wa Kiswahili hakuna wizara ambayo ingemfaa zaidi. Lakini hakupewa muda. Mwezi wa Oktoba mwaka huo alifariki mjini Bonn, Ujerumani, akiwa na umri wa miaka 40. Shaaban Robert alikuwa amefariki mwaka 1962. Katika muda wa miaka miwili Kiswahili kilipoteza mshairi wake mkubwa wa zama zile na mwalimu wake wa kanuni.

Mgogoro uliomfuata

Amri hakuishi kuuona ubishi uliozuka juu ya kitabu chake. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alichapisha Kichomi, diwani ambayo mashairi yake hayakufuata vina wala mizani. M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi nao walitetea kwamba vina na mizani si roho ya ushairi, na kwamba Waafrika walikuwa na tungo zao kabla ya kuhesabu silabi. Watetezi wa mapokeo walijibu kwamba kuondoa vina na mizani ni kuondoa ushairi wenyewe. Kwa miaka mingi jina la Amri lilitajwa pande zote mbili, kwa wengine kama ngao, kwa wengine kama kizuizi.

Hoja za wanamabadiliko zina uzito, na mtu wa Busia anaweza kuzielewa upesi. Nyimbo za Wasamia na za Wateso hazikutungwa kwa ukwapi na utao, wala hakuna awezaye kusema si ushairi. Tena Ibrahim Noor Shariff, katika Tungo Zetu cha mwaka 1988, alionyesha kwamba hata pwani kwenyewe bahari za tungo zilikuwa nyingi kuliko shairi la mizani 16. Kanuni iliyomfaa anayejifunza ilikuwa imefanywa na wafuasi kuwa sheria ya kumhukumu kila mtunzi. Kasoro hiyo haiwezi kufichwa.

Hata hivyo wapo waliosahau jinsi hali ilivyokuwa kabla ya 1954. Kipimo cha sikio hakiwezi kuhojiwa na mgeni. Malenga akisema utungo haukutimia, mgeni hana la kujibu. Kipimo cha hesabu huhojiwa na mtu yeyote. Mtunzi wa Ujiji, wa Dodoma au wa Malaba angeweza kuuweka ubeti wake mbele ya bingwa wa pwani na kumwonyesha kwa vidole kwamba kila kipande kina mizani nane. Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma, alikuwa mmoja wa watu wa bara waliosimama imara katika ushairi wa vina na mizani. Na Kezilahabi mwenyewe, mzaliwa wa Ukerewe katika Ziwa Viktoria, alikuwa mtu wa bara. Aliyeweka sheria na aliyeivunja wote walikuwa na lugha nyingine nyumbani kabla ya Kiswahili cha vitabu kuwafikia, au walitoka kwa watu waliokuwa hivyo. Kufikia wakati wa ubishi ule, watu wa bara hawakuwa tena wageni waliosimama nje ya ushairi wa Kiswahili. Walikuwa wakibishana ndani yake.

Hitimisho

Jina la Sheikh Amri Abedi leo hutajwa na watu wengi wasiojua alikuwa mshairi, kwa kuwa uwanja mkubwa wa michezo wa Arusha umeitwa kwa jina lake. Katika taaluma ya Kiswahili hutajwa zaidi wakati wa kueleza mgogoro wa ushairi, mara nyingi kwa sentensi moja, kama mtu aliyetaka mashairi yote yawe na vina na mizani. Sentensi hiyo ni kweli, lakini humwacha nje mtu mwenyewe: mzaliwa wa mji wa mpakani, mfuasi wa kikundi kilichokataliwa na wengi, aliyejifunza ushairi wa watu wa pwani na kuueleza kwa namna ambayo mtu wa mbali angeweza kuujifunza.

Mwaka 2022 serikali ya Uganda iliidhinisha Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule zake. Darasa litakalohesabu mizani kwa bidii zaidi katika miaka ijayo laweza kuwa ng'ambo ya pili ya daraja la Malaba. Walimu wake watakuwa na wanafunzi wanaosema Kisamia na Kiteso, kama wale wa upande wa Kenya. Watakapofika kwenye neno mtu, watawaambia wanafunzi wao kwamba lina mizani mbili; na atakayeuliza sababu ataweza kujibiwa kwa lugha ya nyumbani kwao.